Ukiumwa na mbwa wa mtu nchini Kenya: kutoka mferejini hadi kortini

Kibao cha "Mbwa Kali" kimetundikwa kwenye mageti mengi sana hapa Kenya, mpaka macho yamekizoea. Wenye nyumba wengi hukiweka wakiamini kimewatoa lawamani: nimekuonya, ukaingia, basi yaliyokupata ni yako. Nami niliamini hivyo hadi jioni ile nilipomtuma mwanangu wa miaka 7 arudishe sufuria kwa jirani, akarudi analia, paja limechanika.

Siku ile nilikosea mengi. Kidonda nilikifunga kitambaa kabla ya kukiosha. Jirani alinitumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa nami nikamwandikia, "Asante, tumemaliza." Sikupiga picha, sikuenda polisi, wala sikuuliza kama mbwa amechanjwa. Baada ya wiki moja mtoto alikuwa bado amebakiza sindano mbili, pesa zimeisha, na nilipobisha mlango wa jirani alinionyesha ule ujumbe wangu mwenyewe.

Mwanangu alipona. Tangu hapo nimeifuatilia sheria hii kwa karibu, na nimewasindikiza majirani kadhaa kituoni na kortini. Nilichojifunza ni kwamba kesi ya mbwa hushinda au hushindwa katika siku kumi za kwanza, kabla wakili yeyote hajaitwa. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa chini zinahusu sabuni na hospitali.

Hatua ya 1: Maji na sabuni, dakika 15

Mkimbize aliyeumwa kwenye mfereji. Fungua maji yatiririke juu ya kidonda, sugua taratibu kwa sabuni, uendelee kwa dakika 15 kamili kwa saa. Pasipo mfereji, mtu mmoja amimine kwa jagi na mwingine aoshe. Damu ikiwa inabubujika, ikandamize kwa kitambaa safi kwanza, kisha uoshe.

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate ya mnyama, na maji na sabuni huviondoa vingi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Vitu hivyo huchubua kidonda na kumchelewesha aliyeumwa kufika hospitali.

Hatua ya 2: Hospitali siku hiyo hiyo

Duniani kote kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na kati ya kila wagonjwa 100, 99 huwa wameambukizwa na mbwa. Wanne katika kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumwokoa mtu. Chanjo ikitolewa mapema na ikakamilishwa, ugonjwa huzuilika. Kwa hiyo mtu asikwambie usubiri uone kama mbwa atakufa ndipo uende.

Daktari atakipima kidonda kwa mafungu matatu. Mbwa akikulamba mahali ambapo ngozi ni nzima, huhitaji chanjo. Akikukwaruza bila damu kutoka, unahitaji chanjo. Ngozi ikitoboka na damu kutoka, au mate yakiingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda kibichi, unahitaji chanjo pamoja na sindano ya kingamwili inayodungwa kuzunguka jeraha. Uliza pia sindano ya pepopunda. Ratiba iliyozoeleka ya chanjo ni sindano tano: siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, ingawa zipo hospitali zinazotumia ratiba fupi zaidi. Fuata ile uliyoandikiwa, usiruke hata moja.

Ukiwa pale, yafanye haya matatu kwa ajili ya sheria. Mwombe daktari aandike kwenye kadi kwamba jeraha ni la kuumwa na mbwa, liko wapi mwilini, na lina ukubwa gani. Kadi nyingi nimeziona zimeandikwa "kidonda mguuni" basi, na hiyo haimsaidii mtu. Piga picha kabla ya bandeji kufungwa, kisha upige tena kila baada ya siku chache, kwa sababu kovu la mwezi wa tatu linasema jambo lingine na jeraha la siku ya kwanza. Na uhifadhi kila risiti: ya kumwona daktari, ya kila sindano, ya dawa za maumivu. Nauli ya bodaboda ilipe kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki.

Hizi risiti si jambo dogo. Mahakama za Kenya hazikubali makisio kwenye gharama halisi. Kila shilingi uliyotumia ni lazima uitaje kwenye madai yako na uithibitishe, la sivyo inaachwa nje hata kama hakimu anaamini uliilipa.

Hatua ya 3: Mbwa abaki hai na abaki pale pale

Watu wakishaona damu ya mtoto, hushika mawe na rungu. Wazuie, hata kama moyo wako nao unataka hivyo. Mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi huugua na kufa ndani ya siku chache, na kwa hiyo mbwa anayeonekana mzima hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima siku ya kumi, daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Mbwa aliyepigwa akatupwa mtoni hawezi kukwambia chochote, na mtoto atadungwa zote. Tena, anayeua mbwa wa mwenzake kwa hasira anaweza kujikuta yeye ndiye aliyesimama kizimbani.

Mpigie simu afisa wa mifugo wa kaunti ndogo, au umwendee ofisini. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inawapa maafisa wa mifugo wa serikali mamlaka juu ya mnyama anayeshukiwa. Mwambie mwenye mbwa, mbele ya mtu wa tatu, kwamba mbwa asihamishwe wala kuuzwa kwa siku hizo kumi, na umwombe akuonyeshe kadi ya chanjo. Ipige picha hiyo kadi pande zote mbili. Mbwa huchanjwa tangu miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, basi angalia tarehe, usitosheke na muhuri.

Hatua ya 4: OB na P3

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe tukio kwenye kitabu cha matukio na uondoke na nambari ya OB. Omba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha. Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake, na fomu yenyewe inarudi kituoni. Baki na nakala.

Wengine hukwepa polisi kwa kuona aibu ya kumshtaki jirani. Kuandikisha hakumpeleki mtu jela. Kunaiwekea tarehe habari yako kabla kumbukumbu za watu hazijabadilika. Hata mkija kupatana kesho yake, OB haimdhuru mtu.

Na lipo kosa la jinai hapa. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamhusu mtu ambaye kwa uzembe au kutojali anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka miwili, au faini, au vyote viwili, na mahakama ikimtia hatiani inaweza kumwamuru alipe fidia. Aliyemwachilia mbwa makusudi amshambulie mtu yuko mahali pabaya zaidi: hilo ni shambulio, na mbwa anahesabiwa kama silaha nyingine yoyote.

Hatua ya 5: Tafuta alichokijua mwenye mbwa

Hapa ndipo kesi yenyewe ilipo, nami nitakaa hapa kidogo.

Kenya haina sheria moja ya Bunge inayosema kwamba mbwa akiuma mtu, mwenyewe atalipa. Tunatumia sheria iliyojengwa na majaji wa Uingereza kesi baada ya kesi, iliyopokelewa hapa kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Tarehe hiyo imo ndani ya Sheria ya Mahakama, Sura ya 8. Waingereza wenyewe waliibadilisha yao mwaka 1971 kwa sheria ya Bunge juu ya wanyama. Sisi tumebaki na ile ya zamani.

Sheria hiyo ya zamani inamhesabu mbwa kuwa mnyama wa kufugwa, asiye hatari kwa asili yake. Simba akimjeruhi mtu, aliyemfuga analipa, basi. Kwa mbwa, swali la kwanza ni hili: je, mwenyewe alijua kwamba mbwa huyu hasa ana tabia ya kushambulia watu? Ikithibitishwa kwamba alijua, anawajibika hata kama siku ile alikuwa amemfungia vizuri na mnyororo ukakatika. Hakuna haja ya kuonyesha uzembe.

Si lazima mbwa awe amewahi kuuma. Kama alikuwa akiwarukia wapita njia mara kwa mara na mwenyewe akaona, inatosha kuonyesha kwamba alijua. Ila tabia inayotafutwa ni ya kushambulia watu. Mbwa aliyezoea kuua kuku wa mtaa ni kero kubwa, lakini kuku peke yao hawathibitishi kwamba ni hatari kwa binadamu. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: alichokijua mfanyakazi aliyekabidhiwa kazi ya kumtunza mbwa kinaweza kuhesabiwa kuwa amekijua mwajiri wake. Kama soja wa getini alikuwa akisema kila siku, "Huyu mbwa ataua mtu," bosi hawezi kujitetea kwamba yeye huwa safarini.

Sasa turudi kwa kile kibao. Kibao cha "Mbwa Kali" kinaweza kusomwa kortini kama maneno ya mwenye mbwa mwenyewe: mbwa wangu ni mkali, na ninajua. Wakili wake atajibu kwamba ni cha kutisha wezi tu, kwamba hata nyumba zisizo na mbwa zina kibao. Jibu hilo lina uzito wake. Kwa hiyo kibao usikiache kisimame peke yake. Kipige picha siku ile ile kabla hakijaondolewa, kisha utafute wa kukiunga mkono. Muulize mama anayeuza mboga mkabala na geti. Waulize vijana wa bodaboda, mleta maziwa, msoma mita, wapangaji waliohama. Je, mbwa huyu aliwahi kumrukia nani, lini, na mwenyewe aliambiwa na nani? Andika majina na nambari za simu, na kila mmoja umwandikie maneno yake machache ayatie sahihi. Soma pia kundi la WhatsApp la mtaa. Nimewahi kuona madai yakisimama kwa ujumbe mmoja wa miezi sita nyuma: "Tafadhali mfungie mbwa wako, amemfukuza mtoto wangu tena."

Kama hukupata ushahidi wa kujua, ipo njia ya pili, nayo ni uzembe. Hapa huhitaji kuthibitisha kwamba mbwa alikuwa mkali. Unahitaji kuonyesha kwamba mtu mwenye busara angeona hatari na kuizuia, na huyu hakuizuia: geti liliachwa wazi wakati watoto wanatoka shule, ua una tundu la kupita mbwa, mnyororo ulifungwa kwa kamba ya katani, mbwa mkubwa alipelekwa matembezini na mtoto asiyeweza kumshika. Piga picha ya hilo tundu leo. Kesho litakuwa na bati jipya.

Njia ya tatu ni ya walioumwa ndani ya boma la mtu baada ya kukaribishwa au kwenda kwa kazi halali: fundi, mgeni, mleta gesi, mfuaji nguo. Sheria ya Dhima ya Mwenye Makao, Sura ya 34, inamtaka anayemiliki au kukaa mahali awalinde wageni wake kwa uangalifu wa kawaida. Sheria hiyo inasema wazi kwamba onyo peke yake halimtoi mtu lawamani mpaka liwe onyo linalomwezesha mgeni kuwa salama kweli. Kibao kilicho getini, penye kengele, ambapo mtu anasubiri afunguliwe, kinaweza kutosha. Kibao kilichofifia, geti wazi, na njia ya kwenda mlangoni inapita mbele ya banda la mbwa, hakimsaidii mgeni kitu. Na sheria hiyo inamtaka mwenye boma atarajie kwamba watoto huwa hawana hadhari ya watu wazima. Mwanangu alikuwa bado anaunganisha herufi. Kibao kile kwake kilikuwa bati lenye rangi.

Mwenye mbwa naye ana utetezi wake, na ni vizuri uujue mapema. Aliyeruka ukuta usiku kuiba hana ulinzi wa mgeni. Aliyemchokoza mbwa kwa fimbo au kumpokonya watoto wake anaweza kunyimwa fidia yote au kupunguziwa. Mahakama inaweza kugawa lawama: hasara ikiwa shilingi 100,000 na wewe ukabebeshwa asilimia 30, utapata 70,000. Kwa hiyo usifiche ulichofanya. Mwambie wakili wako au mpatanishi ukweli wote, asije akausikia mara ya kwanza kutoka upande wa pili.

Hatua ya 6: Mjue unayemdai

Anayedaiwa ni anayemfuga na kumtawala mbwa, hata kama alizawadiwa na shemeji yake jana. Mbwa wa kampuni ya ulinzi akikuuma akiwa kazini na mlinzi wake, idai kampuni, kwa kuwa mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi aliyoyafanya kazini. Mwenye ploti hadaiwi kwa sababu tu mpangaji wake ana mbwa, isipokuwa mbwa ni wa kulinda ploti nzima.

Ukiumwa na mbwa wa polisi au wa idara ya serikali, muda wako ni miezi 12 tu tangu siku ya tukio, usiuache upite.

Mfanyakazi aliyeumwa akiwa kazini, akiwemo yaya na soja wa nyumbani, ana mlango wake mwingine: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri alipe bila kuulizana ni kosa la nani. Mwarifu mwajiri siku hiyo hiyo, kwa maandishi au ujumbe wa simu.

Mbwa koko ni habari ngumu. Hakuna wa kumdai, ila kama kuna mtu anayemlisha na kumlaza kwake kila siku, huyo anaweza kuhesabiwa mfugaji. Kwa wengine wote, toa taarifa kwa kaunti. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama pamoja na kutoa leseni za mbwa. Katika ofisi hiyo hiyo unaweza pia kuuliza kama mbwa aliyekuuma ana leseni. Kukosa leseni hakuthibitishi kesi, lakini huonyesha jinsi mtu anavyofuga.

Hatua ya 7: Barua, kisha meza

Kabla ya korti, andika barua ya madai. Huhitaji Kiingereza kigumu. Inaweza kuwa hivi:

"Kwako … , tarehe … saa … , mbwa wako (rangi, ukubwa) aliniuma mguuni nikiwa … . Niliandikisha kituo cha … , OB nambari … . Nimetibiwa hospitali ya … na bado nina sindano … . Hadi leo nimetumia shilingi … , risiti zimeambatishwa. Kwa kuwa ulijua tabia ya mbwa huyu na hukumzuia, na geti lilikuwa wazi, ninakuomba ulipe gharama hizo, sindano zilizobaki, na fidia ya maumivu ya shilingi … ndani ya siku 14. Usipofanya hivyo nitakwenda mahakamani bila kukuarifu tena."

Tia sahihi, mpelekee ukiwa na shahidi, na umtumie picha yake kwa simu ili tarehe ibaki.

Wengi humaliza hapa, na kwa majirani ni afadhali. Mkae kwa chifu, kwa wazee wa Nyumba Kumi, kwa imamu au mchungaji, popote ambapo nyote mnaheshimu. Katiba, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe ziunge mkono upatanisho. Lakini msipatane kwa mdomo. Na usisaini maneno kama "nimelipwa kikamilifu" kabla sindano ya mwisho haijadungwa na kidonda hakijafunga. Andikeni mambo mawili tofauti: pesa za matibabu, ambazo zinaendelea kulipwa kwa risiti hadi mwisho, na fidia ya maumivu, ambayo ni kiasi kimoja. Akikutumia kitu kidogo siku ya kwanza, pokea, na umjibu hivi: "Nimepokea 2,000 za matibabu ya leo. Mengine tutazungumza." Maneno hayo machache yangeniokolea mengi.

Hatua ya 8: Kortini

Muda wa kudai jeraha la mwili lililotokana na uzembe ni miaka mitatu tangu siku ya tukio, kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Aliyeumwa akiwa mtoto, mzazi ndiye anayefungua kesi kwa niaba yake, na afungue ndani ya miaka hiyo mitatu. Usitegemee kwamba utoto utaongeza muda. Kwa mtoto aliyekuwa chini ya ulezi wa mzazi wake siku ya tukio, nyongeza hiyo inaweza kukataliwa.

Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa Milimani Aprili 2021. Sheria yake inataja fidia ya majeraha ya mwili, inaruhusu mtu ajisimamie bila wakili, haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Tahadhari moja: majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama majeraha yatokanayo na uzembe yasikilizwe pale. Basi kabla ya kulipia, uliza kwenye masjala ya korti yako wanapokea au la. Wakikataa, nenda mahakama ya hakimu ya kawaida. Itachukua muda zaidi, lakini haki yako ni ile ile.

Huko utadai vitu viwili. Gharama halisi, zile za risiti, pamoja na mapato uliyoyakosa ukiyathibitisha. Na fidia ya jumla kwa maumivu, kovu na hofu iliyobaki, ambayo hakimu huipima kwa kulinganisha na kesi za majeraha yanayofanana. Usitaje mamilioni kwa jeraha lililopona wiki tatu, itakupunguzia heshima. Wala usione haya kueleza kwamba mtoto hulala taa ikiwaka, au kwamba amekataa kutembea peke yake kwenda shule. Mwambie mwalimu wake aandike alichokiona.

Usiye na uwezo wa wakili, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na jihadhari na anayekwambia, "Nitakuendeshea kesi bure, tukishinda tugawane." Makubaliano ya wakili kulipwa endapo mtashinda tu hayakubaliki katika Sheria ya Mawakili.

Kwa mwenye mbwa

Nimekuandikia kama mtu atakayeshtakiwa, lakini wewe pia ni jirani ya mtu, na pengine unampenda mbwa wako sana. Mchanje kila mwaka na kadi iwe mahali unapoipata usiku. Lipia leseni kwa kaunti yako ikiwa inadaiwa. Weka kengele nje ya geti, na geti lenye kujifunga lenyewe. Banda lisiwe njiani mwa mgeni. Mbwa akianza kuwarukia watu, usimcheke, kwa kuwa tangu siku hiyo sheria inakuhesabu unajua. Na usimtoe nje bila mshipi mkononi mwa mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia.

Akishamuuma mtu, usijifiche ndani. Mfungie mbwa, mpe aliyeumwa maji na sabuni, na umpeleke hospitali kwa gari lako kama unalo. Watu wengi huogopa kwamba kumsaidia aliyeumwa ni kukiri kosa. Kulipa matibabu kwa utu hakukufungi juu ya yale ambayo hayajathibitishwa, na unaweza kuandika hivyo kwenye ujumbe wa pesa unazotuma. Ichukue kadi ya chanjo ya mbwa uende nayo hospitalini usiku huo huo. Daktari ataiuliza, na mama wa mtoto atataka kuiona kwa macho yake.